Mita Sita Zilizorudiwa

Doa lilikuwa la kutu, kubwa kama kiganja, kwenye ukuta wa kushoto wa Njia ya Kumi na Tisa, mita mia nane na arobaini chini ya vilima vya Lyambasi. Subilaga Mwaisumo alilitazama kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyomruhusu. Ilikuwa saa mbili kasoro robo asubuhi. Kufikia saa nne alitakiwa awe ameikagua njia yote kwenye skrini na kutia saini, na mafundi sita wa pampu wawe wameingia kwenye lifti.

Doa si kasoro. Mwamba wenye chuma ukiloa hutoa kutu, na Lyambasi kulikuwa na chuma na maji kwa wingi. Kilichomshika ni kwamba doa hilo alilifahamu, kama mtu anavyoifahamu sauti ya ndugu yake katika umati kabla hajauona uso.

Alisukuma usukani mdogo, picha ikasogea mita sita mbele. Doa lilikuwepo tena, safari hii kulia, limepinduliwa kama fulana iliyovaliwa ndani nje. Mita sita nyingine: kushoto. Sita nyingine: kulia. Akaacha kuukagua mwamba, akawa anahesabu madoa tu, mpaka njia ilipoishia kwenye chumba cha pampu. Njia ilikuwa na urefu wa mita mia tatu na kumi na mbili. Madoa yalikuwa hamsini na mawili.

Akaachia usukani, akafungua maandishi.

Picha ya mgodi huo haikuwa imepigwa; ilikuwa imeandikwa. Kule chini vumbi na mvuke havikuiacha kamera ione hata urefu wa mkono, kwa hiyo madereva walioendesha mashine za kuchimba wakiwa wameketi juu ya ardhi hawakuona mwamba wenyewe. Waliona mchoro ambao kompyuta iliuchora upya mara sitini kwa sekunde, ikifuata faili za maneno na namba: hapa kuna ukuta, upana kadhaa; hapa nguzo, kimo kadhaa; mwanga unatoka upande huu; rangi ya jiwe ni hii. Faili kama hiyo iliitwa mandhari, na aliyeiandika alitakiwa aiandike kutokana na vipimo vilivyoletwa na mashine ya kupimia. Mwenye haraka hakulazimika kuandika kila kitu upya. Angeweza kuweka mstari mmoja tu unaoiambia kompyuta iende hifadhini, ikachukue kitu kilichokwisha kuandikwa na mwingine, ikiweke hapa. Hilo halikuwa kosa. Bolti ni bolti. Hakuna mwenye akili timamu anayeandika bolti elfu kumi moja moja.

Lakini njia si bolti.

Mandhari ya Njia ya Kumi na Tisa haikuwa na ukuta hata mmoja. Ilikuwa na mstari mmoja uliorudiwa mara hamsini na mbili, *leta njia-sanifu*, na kila mstari wa pili uliongezwa neno la kugeuza ili marudio yasishtukiwe na jicho. Subilaga akaifuata njia-sanifu hadi hifadhini, akaifungua. Juu kabisa palikuwa na maneno ambayo hakuna aliyeyafuta, kwa sababu hakuna aliyeyasoma.

*Mwandishi: S. Mwaisumo. Zoezi la tatu, mwaka wa pili. Vipimo vya kubuni, kwa mafunzo tu.*

Alikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili alipoiandika. Mwalimu wao chuoni alitaka kila mwanafunzi atengeneze njia ya mgodi, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuuona mgodi. Subilaga alichagua urefu wa mita sita, upana wa mita tatu, na nguzo kila baada ya mita moja na nusu, kwa kuwa namba hizo ziligawanyika vizuri. Ukuta ulipotoka msafi mno, akaupaka doa la jikoni kwa mama yake kule Tukuyu, mahali ambapo maji ya mvua yaliingia kwa tundu la msumari na kushuka na kutu ya bati. Mwalimu alimsifu, akaiweka faili katika hifadhi ya chuo ili wanaofuata wajifunzie. Kutoka hapo ilisafiri pamoja na programu, kama mbegu inavyosafiri kwenye soli ya kiatu. Ilifika Lyambasi kabla yake.

Aliiuliza hifadhi njia-sanifu inaitwa mara ngapi katika mandhari zote za mgodi. Jibu lilikuwa elfu mbili mia tatu na arobaini. Akazidisha kwa sita: kilomita kumi na nne na mita arobaini, katika mgodi wenye njia za kilomita ishirini na tatu. Akarudia hesabu, si kwa sababu aliitilia shaka, bali kwa sababu ndivyo alivyozoea kufanya.

*

Ukumbi wa madereva ulikuwa ng'ambo ya ua. Subilaga aliingia akakuta viti ishirini na vinne, kila kimoja na dereva aliyevaa miwani mizito, mikono yao ikitembea hewani kama watu wanaosukwa nywele na mtu asiyeonekana. Alimtafuta Lugano Kasebele, aliyeendesha mashine ya Njia ya Kumi na Tisa tangu ilipochimbwa, akamwomba aisimamishe kwa dakika moja.

Lugano alivua miwani bila kinyongo. Alipoulizwa kama amewahi kuona jambo lisilo la kawaida katika njia ile, alicheka, akasema hilo ni swali la kuuliza leo, miaka minne baadaye? Kila dereva mle ndani alijua kwamba ya Kumi na Tisa na ya Ishirini na Mbili zinafanana mpaka doa la mwisho. Walizipa majina ya mapacha, Kulwa na Doto. Kwenye zamu ya jioni kulikuwa na dereva aliyedai kwamba ya Ishirini na Sita ni mdogo wao, Shija. Walidhani mwamba wa upande ule ndivyo ulivyo. Na hata kama picha ilikosea kidogo, mashine ina vidole vyake vya kupapasa: ikikaribia jiwe husimama yenyewe, na dereva huizungusha kwa uzoefu wa mkono.

"Na nguzo?" aliuliza Subilaga.

"Nguzo siziendeshi, dada. Naendesha mashine." Kisha akaona uso wake, akaacha kucheka. "Kwani vipi?"

Alimwambia kwamba bado anakagua. Ilikuwa kweli, na haikumtosha hata mmoja wao.

*

Kwa miaka tisa hakuna binadamu aliyekuwa ameshuka chini ya ngazi ya nne ya Lyambasi. Mashine zilichimba, mashine zilibeba, na paa likianguka lilifukia chuma, na chuma hakina mjane. Lakini jana yake, saa kumi na moja jioni, pampu kubwa ya chini ilikwama. Mkono wa mashine ulijaribu kufungua kifuniko mara nne, ukakata vichwa vya bolti mbili. Ilibidi waende watu. Sheria ilisema watu hawaingii mahali ambapo mandhari yake haijatiwa saini na mkaguzi, na ilisema pia kwamba mkaguzi haruhusiwi kugusa faili anayoikagua. Subilaga aliipenda sheria hiyo ya pili kuliko ya kwanza. Jicho linalokagua likianza kurekebisha, alikuwa akiwaambia wanafunzi wake, halikagui tena.

Injinia Gwakisa Mbembela, meneja wa uzalishaji, alimsikiliza akiwa amesimama. Alikuwa mtu wa heshima, asiyepandisha sauti, na hakumkatiza. Subilaga alipomaliza, Injinia alimwomba aketi, yeye mwenyewe akabaki amesimama.

Akasema alilijua jambo hilo kwa miaka miwili. Si yeye aliyelianza. Wakati njia zilipokuwa zikichimbwa haraka kuliko mashine ya kupimia ilivyoweza kuzifuata, mwandishi mmoja aliweka njia-sanifu kushika nafasi kwa muda, vipimo vikija iondolewe. Vipimo havikuja. Aliyemfuata alinakili mandhari ya mwenzake, na wa tatu akanakili ya wa pili. Hakuna aliyedanganya. Kwa mashine, picha ilitosha.

"Leo haiendi mashine," alisema Subilaga.

Injinia alikubali. Lakini alimkumbusha kwamba saa kumi na moja ya alfajiri inayofuata maji yangefikia mitambo ya umeme ya chini, na baada ya hapo hakuna pampu ingeyatoa. Watu elfu moja na mia moja walikula kutokana na mgodi ule. Kusema kwamba kilomita kumi na nne hazijapimwa ni kuzifunga kisheria, zote, kwa mwaka mzima au zaidi. Na nguzo zipo, alisema. Akavuta hati ya ghala: nguzo mia mbili na nane zilishushwa Njia ya Kumi na Tisa miaka minne iliyopita.

Subilaga aliisoma hati yote, pamoja na maandishi madogo ya chini.

"Hamsini na mbili mara nne," alisema. "Mia mbili na nane. Injinia, ghala lilihesabu kutoka kwenye picha. Hii si ya nguzo zilizosimamishwa, ni ya nguzo zilizoagizwa. Na waliziagiza kwa sababu mimi, nikiwa na miaka ishirini na miwili, niliona moja na nusu ni namba nzuri."

Injinia akasema alichokuwa amekiweka akiba. Kama Subilaga hawezi kutia saini, yupo mkaguzi msaidizi ofisi ya Mbeya, Atupele, na ameshatumiwa mandhari. Hatamlaumu Subilaga kwa kukataa. Atamwomba tu aende nyumbani akapumzike.

"Ameambiwa ulichoniambia mimi?"

"Ameambiwa watu wanasubiri."

Subilaga alimjua Atupele. Alikuwa amemfundisha mwenyewe. Angepita njia nzima kwenye skrini kwa uangalifu, angeona nguzo mia mbili na nane zimesimama wima na paa safi lisilo na ufa, na kwa alichokiona angekuwa sahihi kabisa.

*

Saini ya Atupele ilifika saa tatu na dakika ishirini na mbili. Subilaga aliiona ikijitokeza chini ya mandhari, kijani, ndogo. Alimpigia simu. Simu iliita mpaka ikakatika. Ofisi ya Mbeya walikuwa kwenye kikao.

Hapo ndipo alipoifungua tena njia-sanifu na kuona kitu ambacho mwanzoni hakukitilia maanani. Faili ilikuwa na kufuli, na ufunguo wa kufuli ulikuwa wa mwandishi wake. Mtu yeyote angeweza kuichukua. Kuibadilisha angeweza mmoja tu. Kama waandishi wa Lyambasi wangeinakili, kila nakala ingekuwa mali yao. Hawakuinakili. Walinakili mstari wa kuiita. Mara elfu mbili mia tatu na arobaini, sekunde kwa sekunde, mgodi mzima ulikuwa unamwuliza yeye ukuta uko wapi.

Alifikiri kwa dakika tano, na aliyafikiria mambo kwa mpangilio. Akienda kwenye lifti na maneno matupu, angekuwa mkaguzi mmoja dhidi ya saini na picha, na mafundi wangekuwa na picha mkononi. Picha inashinda maneno. Ndiyo sababu watu waliivumbua. Akiigusa faili, anavunja sheria aliyoifundisha kwa miaka kumi na mmoja, na hatakuwa mkaguzi tena, hapa wala kwingine. Hilo lilikuwa hakika. Kwamba paa la Njia ya Kumi na Tisa ni bovu, hilo halikuwa hakika. Huenda lilikuwa zima. Hakujua, na hakuna mwingine aliyejua, na jambo hilo la kutojua ndilo pekee lililokuwa limethibitishwa asubuhi ile.

Basi lingeonyeshwa.

Alisubiri saa tatu na nusu, zamu zilipobadilishana na mashine zote ishirini na nne kuegeshwa kwa dakika kumi, ili dereva yeyote asipofuke akiwa katikati ya kazi. Alihakikisha kwenye orodha: zote zimesimama. Akafuta ukuta wa kushoto, ukuta wa kulia, paa, sakafu, nguzo nne na doa. Hakuweka kitu mahali pake. Juu, chini ya jina lake, palipoandikwa *vipimo vya kubuni*, akaandika *hapajapimwa*. Akahifadhi.

Alipoingia ukumbini, madereva wa zamu mpya walikuwa wamekwisha kuvaa miwani, na hakuna mkono uliotembea hewani. Lugano, ambaye hakuwa ameondoka bado, alimpa miwani yake. Subilaga aliivaa. Alisimama kwenye Njia ya Kwanza, iliyopimwa kweli miaka ishirini iliyopita, yenye kuta mbovu, zilizopinda, kila mita na sura yake. Akasogea mbele hadi ilipokutana na ya Kumi na Tisa. Mlango ulikuwepo. Baada ya mlango hapakuwa na kitu. Mwanga wa mashine ulikwenda mbele na haukugonga popote.

"Kulwa yuko wapi?" aliuliza dereva mmoja nyuma yake.

"Hajawahi kuwepo," alisema Lugano, na hakuna aliyecheka.

*

Mafundi sita walikuwa wamekaa kwenye benchi la banda la lifti, helmeti magotini. Kiongozi wao, Ezron Sichone, alikuwa mtu mfupi mwenye mabega mapana, mtoto wa wachimbaji wadogo wa Chunya. Kibao cha picha alichopewa kumwongozea njia kilikuwa pajani, cheusi. Alidhani kimeharibika. Alikuwa amekizima na kukiwasha mara tatu.

"Hakijaharibika," Subilaga alimwambia. "Njia mliyoonyeshwa jana niliiandika mimi."

"Vizuri. Iandike tena basi, tushuke."

"Kaka Ezron, sijawahi kufika huko. Niliibuni nikiwa mwanafunzi. Nguzo, paa, vyote nilivibuni. Wengine wakaichukua wakaitandika chini kote. Kulivyo huko kwa kweli hakuna anayejua."

Aliwaeleza waliobaki kwa maneno machache, na fundi mdogo kuliko wote, Tusajigwe, akauliza kama maana yake nguzo hazipo. Subilaga akajibu kwamba maana yake hajui kama zipo. Aliulizwa tena, kwa njia mbili tofauti, naye akajibu vilevile. Aliona wanatamani aseme neno moja zito zaidi, paa bovu, mtakufa, wapate kukasirika na kwenda nyumbani. Hakulisema, kwa kuwa hakulijua.

Injinia Mbembela alifika na walinzi wawili. Kwa mara ya kwanza katika miaka sita ya kufanya kazi naye, Subilaga aliona jasho kwenye kola yake.

"Rudisha faili."

"Siirudishi."

"Bi. Subilaga, umegusa faili ya ukaguzi. Unajua umefanya nini."

"Najua kuliko unavyojua. Kanuni hiyo ndiyo ninayoifundisha." Akamwangalia usoni. "Kama unataka picha irudi, ufunguo wangu hauhitajiki. Andika njia mpya, uiweke pale. Dakika kumi zinatosha. Ila juu kuna mahali pa jina la mwandishi na mahali pa vipimo. Weka jina lako, na useme umevitoa wapi."

Injinia alimgeukia mwandishi wa zamu aliyekuwa amemfuata, akamwagiza afanye hivyo. Mwandishi akauliza, kwa adabu, upana wa njia aandike ngapi. Akabaki ameshika kalamu ya skrini, kisha taratibu akairudisha mfukoni.

Injinia akawageukia mafundi. Aliwaambia saini ipo, ya mkaguzi halali, na saini haifutiki kwa sababu mtu mmoja amezima taa. Kisheria njia iko wazi.

Ezron alikiinua kibao, akakigeuza ili Injinia akione. Chini kabisa ya weusi wote ilikuwepo saini ya Atupele, kijani.

"Nimeiona, bosi. Imekaa vizuri. Sasa ingia wewe kwanza, sisi tuko nyuma yako na spana."

Mafundi wawili walikohoa kuficha kicheko. Injinia hakuingia. Alisema, kwa sauti iliyokuwa imeanza kukwaruza, kwamba wasipoteze muda kwa mizaha wakati maji yanapanda, na kwamba kila mmoja afikirie nyumbani kwake.

"Nimefikiria," alisema Ezron. "Baba yangu alikuwa na duara, shimo la kuchimbia dhahabu, halina picha, halina umeme. Tulikuwa na mtaimbo. Unagonga paa, unasikiliza. Likilia, unapita. Likinyamaza, unasimamisha matimba, nguzo za miti. Mita sita tunazigonga kwa dakika kumi." Akamgeukia Subilaga. "Mia tatu na kumi na mbili ni ngapi hiyo?"

"Saa nane na dakika arobaini. Bila kuhesabu pa kusimamisha nguzo."

"Na pampu tunaifungua kwa saa nne. Maji yanatupa mpaka alfajiri. Muda upo, bosi. Muda ulikuwepo tangu jana."

Hapo Subilaga aliona Injinia anakielewa alichokuwa amekiepuka kwa miaka miwili. Kugonga ni kupima. Ukishapima njia moja kwa mtaimbo, umekiri kwamba haikuwahi kupimwa, na zilizobaki zinasimama nyuma yake kwenye mstari zikingoja zamu. Alisema hawezi kuruhusu. Ezron akamjibu kwamba haombi ruhusa ya kugonga. Alichokataa ni kutembea bila kugonga. Basi wachague, watu wake wagonge, au wakae hapa benchini mpaka maji yafike, yeye chakula chake amekuja nacho.

Ilipotimu saa nne na dakika ishirini na tano, Injinia alisogea pembeni ya mlango wa lifti. Hakusema ndiyo. Alimwonyesha mlinzi mmoja Subilaga kwa kidole, na mlinzi, aliyekuwa jirani yake wa nyumba ya tatu, akamwomba radhi kwa Kinyakyusa, akamvua beji shingoni.

Bila beji asingeweza kushuka, kuingia ofisini, wala kugusa kompyuta yoyote ya mgodi. Alikuwa amejiandaa kushuka nao. Alisimama akiwa mikono mitupu huku Ezron akigawa mitaimbo mitatu na kamba ya kupimia, na kwa mara ya kwanza siku ile hakujua afanye nini.

"Simu ile ya waya inafika mpaka mlango wa Kumi na Tisa," Ezron alimwambia, akionyesha simu nzito ya rangi ya njano ukutani mwa banda. "Haitaki beji. Mimi nina mkono mmoja wa kugonga na mmoja wa taa. Wa kuandika sina."

Tusajigwe akampa nyuma ya karatasi ya zamu na kalamu. Lifti ikafunga, ikashuka. Waya wake ulitetemeka kwa dakika sita, kisha ukatulia.

Injinia hakuondoka. Aliwaruhusu walinzi waende, akaketi kwenye benchi mahali mafundi walipokuwa wamekaa, na wote wawili wakangoja bila kutazamana. Simu ililia saa tano kasoro dakika nane. Subilaga aliipokea, akaiweka sauti nje ili mikono yake iwe huru.

"Tuko mlangoni," alisema Ezron. Sauti yake ilikuwa karibu, na nyuma yake maji yalikuwa yanatiririka. "Upana, mita mbili na sentimita sabini. Si tatu."

"Mbili na sabini. Nimeandika."

"Nguzo ya kwanza, mita moja na nusu. Ipo. Paa linalia."

Walisikia mlio wenyewe, chuma juu ya jiwe zima, safi kama kengele. Akaandika.

"Ya pili, mita tatu na kidogo. Ipo. Imeinama kushoto, lakini ipo. Paa linalia."

Injinia alikuwa ameinua kichwa.

Hatua kadhaa zikasikika majini, kisha pigo la mtaimbo, na safari hii halikulia. Lilikuwa kama kugonga gunia. Pigo jingine, gunia tena. Kisha mngurumo mfupi, na jiwe zito likatumbukia majini, na simu ikawa kimya kwa muda ambao Subilaga aliuhesabu, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kufanya. Sekunde kumi na moja.

"Tuko salama," alisema Ezron. Alikuwa anahema. "Tulikuwa nyuma yake hatua mbili. Limeshuka kubwa kama meza. Nguzo ya tatu haipo, dada. Ya nne haipo. Naangaza mbele, na sioni nyingine. Tunarudi kuchukua matimba, tunaanza hapa kusimamisha wenyewe."

"Kutoka mlangoni ni mita ngapi hapo lilipoanguka?"

Alimsikia akimwita mtu avute kamba. "Nne na sentimita arobaini."

Aliandika: *mita nne na sentimita arobaini, paa limeanguka; nguzo ya tatu haipo*. Nyuma yake Injinia Mbembela alikuwa amesimama. Alisema, polepole, akiitazama karatasi, kwamba maandishi hayo hayana hadhi yoyote kisheria, hayajatoka kwa mkaguzi.

Subilaga alimwuliza leo ni tarehe ngapi. Alipomtajia, akaiandika pia, akaweka jina lake mwenyewe chini yake, akaisogeza simu karibu na kumwambia Ezron aendelee.